Kidole cha Marehemu Jepkosgei

Kituo cha Ngano,
Njoro.
8 Juni 1958

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa mwanao. Natumaini goti lako limepoa, na mama hajambo, na ng'ombe hawajambo. Mwalimu Dalmas, tafadhali msomee Baba polepole, maana habari hii hata mimi niliisoma mara tatu ndipo nikaiamini.

Unajua kazi yangu hapa ni kupima mvua. Kila asubuhi saa tatu naenda kwenye kile kikopo cha shaba, namimina maji katika bilauri yenye alama, kisha naandika kwenye daftari. Wewe ulicheka ukasema Wazungu wamepata kijana wa kuwahesabia matone. Basi, mwezi wa pili alipita hapa mgeni, Bwana Hauge, mtu wa Norwe, mtaalamu wa mawingu na upepo. Akafungua madaftari yangu ya miaka miwili, akatafuta siku niliyoruka, hakuipata. Akayafunga, akaondoka. Juzi barua imekuja. Wananiita nikasome elimu ya hali ya hewa miaka mitatu katika mji wao unaoitwa Bergen, ulio kando ya bahari huko kaskazini. Nauli na chakula ni juu ya chuo.

Safari ni ya ndege. Nitapanda Embakasi, ule uwanja mpya wa Nairobi, Jumapili tarehe 14 Septemba. Ndege itatua Khartoum kutia mafuta, halafu Kairo, halafu Roma, halafu Kopenhagen. Hapo nitashuka nipande nyingine ndogo mpaka Bergen. Bwana Hauge ameandika kwamba mvua ya kwao hunyesha zaidi ya siku mia mbili kwa mwaka, na kwamba nisithubutu kwenda bila koti la mpira.

Kilichobaki ni pasipoti. Kwa kuwa sijatimiza miaka ishirini na moja, sheria inataka idhini ya mzazi. Karatasi zote lazima ziwe zimefika kabla ya mwisho wa Agosti, la sivyo nafasi yangu atapewa mwingine. Nitakwenda Nakuru kwa Bwana DC Jumamosi moja kuuliza. Kuja nyumbani siwezi kwa sasa. Mvua haina Jumapili, na hapa hakuna mwingine anayejua kuipima mpaka nimfundishe.

Mwanao,
Kimutai


Shamba la Sirikwa,
Rongai.
17 Juni 1958

Kimutai mwanangu,

Mwalimu amenisomea. Nikamwambia asome tena. Halafu nikamwita mama yako aache kukamua aje asikie, naye aliposikia akakaa chini palepale kwenye samadi, na sketi yake ya kanisani. Tumefurahi namna hiyo.

Sasa nina maswali, na uyajibu yote, usichague. Hiyo ndege ikitia mafuta huko Khartoum, nyinyi mnashuka au mnakaa ndani? Mtu akishikwa na haja anafanyaje? Na huo mji, kama mvua inanyesha hivyo, nani anahitaji kujifunza mvua mahali ambapo iko kila siku? Sisi hapa ndio tunaotaka kuambiwa itakuja lini. Lakini sikatai. Nenda ukajifunze, urudi utuambie siku ya kupanda.

Habari ya idhini ya mzazi, hiyo ni kazi yangu, usimsumbue mtu mwingine. Nitakuja Nakuru mwenyewe na lori la maziwa, nimeshasema na dereva. Lile koti la marehemu mume wangu nimelifua, liko juani. Nitalivaa, nitasimama mbele ya huyo Bwana, na nitaweka kidole kama baba yako. Tangu nimwoe mama yako sijaitwa mahali popote pa serikali nikaulizwa neno kama baba. Wazee wa hapa wanajua, ng'ombe wanajua, serikali haijui. Jambo hili nimelingoja tangu siku uliyozaliwa, Kimutai. Niambie tu ni siku gani.

Ni mimi baba yako,
Jepkosgei (kidole chake hiki hapa)

Ndugu Kimutai, haya sasa ni yangu mimi Dalmas, mwandishi. Niwie radhi. Mimi ni mgeni hapa. Nililetwa kufundisha watoto wa shamba baada ya Mwalimu Wanyoike kupakiwa kwenye lori pamoja na Wakikuyu wenzake wakati wa Hali ya Hatari, na kwetu Nyanza sijaona jambo hili. Nilipofika penye neno "baba" nilisimamisha kalamu nikamwuliza huyu mama mzee kama nimesikia vizuri. Akanieleza, kwa hasira kidogo. Kwamba mume wake, arap Tonui, alikufa bila mtoto. Kwamba boma lisilo na mtoto hufutika. Kwamba wazee walimruhusu atoe ng'ombe sita amwoe Chepkurui, mama yako, na tangu siku ile yeye ni mwanamume wa boma, na anachozaa Chepkurui ni chake. Nikauliza, aliyemzalisha Chepkurui je? Akasema huyo hahesabiki. Nikauliza kama ninyi hamumwiti nyanya. Akasema watoto wa wengine huita hivyo, wake humwita Baba. Basi nimeandika kama alivyosema. Kama nimekosea, nisahihishe.

D. Ogweno


Njoro,
6 Julai 1958

Kwa Baba mpendwa,

Nimepata barua yako. Nimecheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini.

Majibu ni haya. Khartoum abiria wanashuka, wanapewa maji ya limau, na wanasema joto lake ni kama kusimama mlangoni mwa tanuri. Haja, kuna chumba kidogo mkiani mwa ndege. Chakula kinaletwa kwenye sinia na mwanamke wa Kizungu, anakuhudumia hata wewe mweusi. Mzigo haupiti ratili arobaini na nne, kwa hiyo mama asinifungashie kibuyu cha maziwa, maana kitakula ratili zote na forodhani watakimwaga. Nimechomwa sindano ya homa ya manjano na ya ndui, mkono umevimba lakini si kitu. Koti la mpira nimepewa na fundi wa trekta, ni kubwa, litatosha hata nikinenepa.

Habari ya Nakuru, Baba, usisumbuke kuja. Mambo ya karatasi yamepata njia nyingine, yamekwisha. Barabara imeharibika na goti lako silitaki juu ya lori. Pumzika tu. Likizo yangu ni mwezi wa Septemba, nitakuja kuaga.

Mwanao,
Kimutai


Njoro,
6 Julai 1958

Kwa Mwalimu Dalmas,

Barua hii ni yako peke yako. Nimemtumia Baba nyingine leo, msomee ile. Hii usimsomee.

Mwalimu, nimefanya jambo. Nilikwenda Nakuru Jumamosi ile, nikapanga foleni. Karani wa pale ni mtu wa mbali, hajui majina yetu. Akauliza jina la baba. Nikasema Jepkosgei. Sikuona jina lingine la kusema, maana sina baba mwingine. Akaandika bila kuinua macho. Akasema, "Aje Jumatatu aweke kidole mbele ya Bwana DC." Nyuma yangu walikuwa vijana wawili wa kwetu, na kwetu kila mtu anajua Jepkosgei ni jina la mwanamke. Mmoja akakohoa. Mwenzake akasema kwa lugha yetu, "Atakuja na sketi au na suruali?" Wakacheka.

Moyoni nikamwona Baba akiingia mlango ule. Nikaliona lile koti juu ya sketi, na mkongojo, na jinsi anavyoinua kidevu akiwa mbele ya watu. Nikamwona karani akimtazama. Nikasema, "Amekufa."

Sikupanga, Mwalimu. Neno lilinitoka tu. Karani akasema pole, akaandika "marehemu" mbele ya jina lake. Akasema basi mama atatosha. Nikamtumia mama habari aje Njoro kama anayekuja kumwona dada yake, nikampeleka, akaweka kidole. Alipoambiwa kilichoandikwa alitazama chini, na njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu.

Sasa wataleta barua hapo shambani. Wanataka watu wazima wawili washuhudie kwamba baba yangu alikufa. Ni wewe unayesoma barua zote hapo. Nakuomba kama ndugu, nyapara aweke kidole, na mwingine yeyote, yaishe kimya. Nikikosa karatasi hii nimekosa safari. Na Baba akijua, sijui nitamtazama vipi.

Kimutai


Shamba la Sirikwa,
Rongai.
24 Julai 1958

Ndugu Kimutai,

Ulinipa mzigo ambao sikuuomba. Mimi ni mtu wa kanisa. Hata hivyo nilikuwa nimeamua kukusaidia, na usiku sikulala vizuri kwa ajili hiyo.

Barua ya serikali ilikuja Jumatatu, mikononi mwa nyapara Kimaiyo. Aliweka kidole chake mara moja bila kutaka kusomewa, maana kwake karatasi za Wazungu zote ni moja. Halafu akasema shahidi wa pili awe mtu mzima kuliko wote hapa, ndivyo inavyofaa. Na mtu mzima kuliko wote hapa ni nani? Akamwita mbele ya kibanda cha maziwa, watu wakiwa wamejipanga na madebe yao. Akaniamuru nisome.

Nilisoma haraka. Nilikusudia kulimeza lile jina, lakini Jepkosgei akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, rudia hapo." Nikarudia. Yasemekana kwamba Jepkosgei, baba wa kijana Kimutai, ni marehemu. Shahidi athibitishe. Hakuna aliyecheka, Kimutai, nataka ulijue hilo. Mama yako aliweka debe chini, akajifunika uso kwa leso.

Jepkosgei akaniuliza, "Karani aliambiwa na nani?" Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti lake, akaenda zake ndani. Leo ni siku ya nne. Hajaniita kuandika. Kidole hajaweka.

D. Ogweno


Shamba la Sirikwa,
Rongai.
2 Agosti 1958

Kimutai,

Mwalimu anasema nianze na salamu. Sina salamu. Nimemwambia pia aandike kama ninavyosema, asiyapake maneno yangu sukari, maana ana tabia hiyo.

Mama yako ameniambia yote. Sikumtukana. Nimemwambia tu asinipikie kwa siku mbili tatu, kwa sababu mtu aliyekufa hali.

Kwetu hatusemi mtu amekufa naye anapumua. Hata mgonjwa wa mwisho tunasema amelala. Wewe umesema, na umeandikiwa, na sasa mimi niliye hai naulizwa nishuhudie. Ningekuwa na mdomo wa kucheka ningecheka.

Sikiliza nikuambie kitu ambacho sijakuambia. Nilipomwoa mama yako, wanawake wenzangu walinicheka kisimani. Kuanzia siku ile niliacha kwenda kisimani, sikuchota maji tena, kwa sababu mwanamume hachoti. Nikaenda kukaa na wanaume penye pombe. Nao wakanicheka. Nilikaa palepale, nikanywa, nikarudi kesho yake, na kesho yake tena, mpaka wakachoka. Ilichukua miaka miwili. Ulipozaliwa hakuna aliyekuwa anacheka tena. Niliyavumilia yote hayo ili wewe uwe na baba. Halafu mtu mmoja akakohoa nyuma yako, ukanizika.

Imeniuma. Mwalimu, andika hivyo hivyo, imeniuma.

Karatasi iko mfukoni mwa koti. Nikiweka kidole utaruka. Nisipoweka utabaki, na huyo mwingine atachukua nafasi yako. Sijui nitafanya nini. Nakuuliza neno moja tu na unijibu kweli. Ulisema nimekufa kwa sababu ulitaka sana kwenda, au kwa sababu uliona haya juu yangu?

Na usimpe tena Mwalimu neno la siri. Amekonda.

Jepkosgei


Njoro,
11 Agosti 1958

Baba,

Niliona haya.

Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara nilikuwa natafuta njia ya kusema ni ile safari. Ningesema ni safari ungenisamehe upesi. Lakini karani hakukataa jina lako. Alikuwa amekwisha kuliandika. Labda ungekuja ungeweka kidole na mambo yangekwisha siku ile ile. Nilikufa mimi kwa haya pale kwenye foleni, nikasema umekufa wewe.

Nilijiambia nakukinga. Nilisema Baba ni mzee, wasije wakamcheka ofisini. Mwalimu alipoandika kwamba penye maziwa hakuna aliyecheka ndipo nilipojua kwamba nilikuwa najikinga mimi. Wewe walikucheka miaka miwili wakashindwa. Mimi dakika moja ilinishinda.

Juzi Jumamosi nilirudi Nakuru. Nikamwambia karani nimekosea, baba yangu yu hai, nataka kubadilisha. Akaniita kando. Akasema akibadilisha neno lile, ombi lote linakufa, na juu yake nitashtakiwa kwa kusema uongo mbele ya serikali. Akanishauri nirudi kazini ninyamaze. Nikarudi. Nimenyamaza. Hilo nalo uliweke kwenye hesabu ya makosa yangu.

Baba, ukiichana karatasi hiyo sitakulaumu, na sitakuambia neno maishani. Nitakaa hapa nitapima mvua. Lakini usiniulize kama nataka kwenda, maana nitasema ndiyo, na sitaki kukuambia uongo wa pili. Nataka kwenda. Naota ile ndege.

Nisamehe kama unaweza.

Kimutai


Shamba la Sirikwa,
Rongai.
25 Agosti 1958

Kimutai,

Umenijibu kweli, na mimi nakujibu kweli.

Nimeweka kidole. Nimekiweka kama mjane wa arap Tonui, jirani wa marehemu. Kimaiyo ameipeleka karatasi mwenyewe Nakuru, na amerudi anasema wameipokea. Kwa hiyo utakwenda. Mtoto wangu hatakosa mahali pa kwenda kwa sababu yangu.

Lakini mimi siweki kidole changu kwenye uongo. Sijawahi, hata kwa nyapara, hata kwa Mzungu. Basi kabla ya kukiweka niliufanya uongo wako uwe kweli. Niliwaita wazee, nikawapa pombe, nikawaambia Jepkosgei baba wa Kimutai amemaliza. Kigoda changu cha baba wa boma nimekigeuza juu chini. Fimbo ya mwenye boma nimempa mzee Micah akuwekee. Koti nimelikunja. Kuanzia asubuhi ya leo mimi ni bibi kizee katika boma la watu, na asubuhi ya leo nimekwenda kisimani kuchota maji. Wanawake walinipisha.

Njoo tarehe saba Septemba uchukue fimbo. Uje umenyoa kichwa, kwa sababu umefiwa na baba, na mtoto hafiwi na baba akatembea na nywele. Boma ni lako sasa, ng'ombe ni wako, mama yako na mimi tuko chini ya neno lako. Ukisema tuhame, tutahama.

Jambo moja usilitarajie. Msafiri wa mbali hutemewa maziwa kifuani alfajiri, anatazamishwa jua, anaombewa njia. Anayefanya hivyo ni baba. Huna. Usiniombe, kwa sababu utaniaibisha mbele ya wazee, na nitakataa.

Jepkosgei


Shamba la Sirikwa,
Rongai.
19 Oktoba 1958

Ndugu Kimutai,

Salamu katika Bwana. Kadi yako yenye anwani imefika, na natumaini masomo yameanza. Stempu ya huko ni nzuri, watoto wa darasa langu wanaigombania.

Tangu uondoke na kichwa chako kilichonyolewa, mambo ni yale yale. Jepkosgei anachota maji kila siku. Mama yako huamka mapema ili amtangulie, naye huamka mapema zaidi. Wiki iliyopita alianguka na debe kwenye mteremko. Goti limevimba sana, limekuwa kama boga. Dereva wa lori la maziwa alikubali kumpeleka hospitali Nakuru, Kimaiyo akatoa ruhusa ya shamba, blanketi likatandikwa. Akakataa kupanda. Anasema mwanamke hatoki bomani kwenda kulala mahali pengine bila ruhusa ya mwenye boma, na mwenye boma yuko ng'ambo.

Nilimwambia huo ni ukaidi. Akaniambia niandike, basi. Kwa hiyo naandika kwa niaba yake. Jepkosgei wa boma lako anaomba ruhusa yako aende hospitali. Tafadhali jibu upesi, kwa ndege.

D. Ogweno


Bergen,
9 Novemba 1958

Mwalimu Dalmas, barua hii isome mbele ya watu. Mwite mama, mwite mzee Micah na wazee wenzake, mwite na Kimaiyo. Jepkosgei akae mbele.

Kwenu nyote bomani,

Nimefika salama. Ndege ilitetemeka juu ya milima ya Wazungu, nikamshika mkono mzee mmoja nisiyemjua, naye hakuuondoa. Hapa mvua ilikuwepo nilipotua na haijaacha mpaka leo. Si kama yetu inayokuja na kelele ikaondoka. Hii inanyesha kama mtu anayefanya kazi ya siku nzima. Watu wanatembea ndani yake wakizungumza habari zao. Milima saba imeuzunguka mji na sijaona kilele hata kimoja. Wananifundisha kuchora njia ya mawingu kwenye ramani, na mwalimu amesema mkono wangu hautetemeki.

Nilikuja nyumbani nikachukua fimbo kama nilivyoambiwa, na nikaondoka bila kutemewa maziwa. Nilipofika kwenye barabara ya lori nilitazama nyuma, nikamwona Baba amesimama mlangoni na debe. Hakupunga mkono, na mimi sikupunga. Ninavyoishi tangu siku ile sitawaeleza. Nasoma, nakula, nalala, lakini sijakaa sawa.

Leo asubuhi nimeandika barua nyingine kabla ya hii. Nimeiandikia ile ofisi ya Nakuru. Nimesema mimi Kimutai nilidanganya, kwamba baba yangu Jepkosgei yu hai, ni mwanamke, na ni baba yangu kwa mila ya watu wangu, na mashahidi waliweka vidole kwa kosa langu, si lao. Nimeitia sanduku la posta mwenyewe. Bwana Hauge amesoma, akasema huenda wakaifuta pasipoti yangu na nikarudishwa kabla sijamaliza hata mwaka. Nimemwambia najua.

Sasa nasema kama mwenye boma, na fimbo nilimwachia mzee Micah anitunzie, naye ni shahidi kwamba ni yangu.

Jepkosgei apande lori aende hospitali kesho, siyo kesho kutwa. Huko akae mpaka goti lipone.

Akirudi asiguse debe. Mtu yeyote atakayemwona kisimani amrudishe kwa jina langu.

Kigoda kilichogeuzwa kigeuzwe. Koti likunjuliwe. Mwenye boma ana haki ya kusema nani akae wapi, na mimi nimesema baba wa boma hili ni Jepkosgei. Baba, ulisema uko chini ya neno langu. Neno langu ni hilo. Ukikataa umeyavunja maneno yako mwenyewe mbele ya wazee, na nakujua, huwezi.

Na la mwisho. Jumapili tarehe 30 Novemba, saa moja asubuhi, popote utakapokuwa, hata kama ni kitandani hospitali, upewe maziwa. Utazame jua linakotoka, uteme mara nne, na unitaje jina. Kwetu hapa itakuwa saa kumi na moja alfajiri. Nitakuwa nimetoka nje nimesimama uani, shati limefunguliwa, kifua wazi. Mvua itakuwa inanyesha. Sitaingia ndani mpaka nijue moyoni umemaliza.

Mwanao,
Kimutai